Vunjajungu Wachanga: Kwa Nini Hufa, na Namna ya Kuwalea

Hapana shaka kwamba wasomaji wengi wa jarida hili wamepata kumwona vunjajungu: mdudu mrefu mwembamba, mwenye rangi ya majani mabichi au ya nyasi kavu, kichwa chake cha pembetatu kikigeuka huku na huku, na miguu yake ya mbele ameikunja kifuani kama mtu aliyezama katika dua. Katika pwani yetu jina lake limebeba imani ya zamani, kwamba mwenye kumgusa mdudu huyu atakivunja chombo atakachokishika baadaye. Ndiyo maana watoto wengi wameonywa wasimchezee. Jina hilo hilo hutumika pia kwa karamu ya kuaga vyakula vya mchana kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani, lakini hiyo ni habari nyingine. Wagiriki wa kale nao walimwita mantis, yaani mwaguzi, na wanasayansi wameliazima neno hilo katika kuwataja wadudu wa kundi hili lote. Yaelekea imani yetu imewaokoa vunjajungu wengi na mikono ya watoto. Hasara yake ni kwamba mdudu anayejulikana kwa jina na kila mtu hachunguzwi na yeyote.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu na mwanafunzi wa sekondari jinsi ya kuwalea vunjajungu tangu saa ile wanapototolewa. Shule nyingi hazina maabara ya kutosha, na mwalimu wa Biolojia hulazimika kufundisha ukuaji wa wadudu kwa kuchora ubaoni. Kifuko kimoja cha mayai ya vunjajungu, kinachopatikana bure katika ua wa shule, chaweza kumpa somo la miezi mitatu. Lakini wengi waliojaribu kazi hii wamekata tamaa, kwa sababu tunutu wote (hivyo ndivyo nitakavyowaita vunjajungu wachanga wasiokuwa na mabawa) walikufa katika muda wa wiki mbili za mwanzo. Walezi hudhani kwamba walikufa kwa njaa, nao huzidi kuwatupia nzi. Aghalabu njaa si sababu. Tunutu hufa kwa kukosa maji, au kwa kuzama katika maji, au kwa kukosa nafasi ya kuning'inia wakati wa kujivua ngozi. Mwenye kuyaelewa mambo hayo matatu ataona kwamba chakula ndicho sehemu rahisi ya kazi.

Nitachukua mfano wa Mtanda, katika mji wa Lindi, kwa sababu hali ya hewa ya pwani ile hulionyesha jambo hili waziwazi. Huko mvua hunyesha hasa kati ya Novemba au Desemba na mwezi wa Aprili au Mei. Baada ya hapo huja miezi mikavu ya kusi, ambapo majani hukauka, na wadudu wadogo wanaoliwa na tunutu huwa haba. Anayetaka kuanza kazi na aanze wakati wa mvua. Kwa bahati njema mwaka wa masomo nao huanza Januari, hivyo darasa laweza kutafuta vifuko katika wiki za mwanzo na kuwa na vunjajungu wazima kabla ya mvua kwisha au muda mfupi baadaye.

Kwanza tukijue kifuko chenyewe. Vunjajungu jike hutaga akiwa ameelekeza kichwa chini. Nyuma ya tumbo lake hutoka utomvu ambao yeye huupiga kama mtu apigaye ute wa yai, ukafanya povu. Ndani ya povu hilo hupanga mayai safu kwa safu. Kazi hiyo humchukua saa kadhaa, na povu likipata hewa hukauka na kuwa gumu lakini jepesi, lenye rangi ya kahawia au ya majani makavu. Umbo lake hutegemea spishi. Kifuko cha vunjajungu wakubwa wa jenasi ya Sphodromantis, ambao wameenea sana Afrika, hufanana na donge la povu lililoganda juu ya kijiti, na ukubwa wake wakaribia ncha ya kidole gumba cha mtu mzima. Vile vya jenasi ya Miomantis ni vidogo na vyembamba zaidi. Vitafuteni katika matawi ya mikorosho na miembe, katika mashina ya mihogo, kwenye nyua za miti, chini ya makuti ya paa, hata ukutani.

Si kila kifuko kina uhai. Kikiwa na nyuzi nyembamba na vijingozi vyeupe vinavyoning'inia katikati yake, tunutu wamekwisha kutoka. Kikiwa na vitundu vidogo vya mviringo ubavuni, kama vilivyotobolewa kwa sindano, basi aliyetoka humo si vunjajungu, bali ni nyigu mdogo wa jenasi ya Podagrion. Jike la nyigu huyu ana mrija mrefu wa kutagia kuliko mwili wake, naye huuchoma katika povu na kutaga juu ya mayai ya mwenzake. Funza wake hula mayai yale. Mwanafunzi aliyepata nyigu badala ya tunutu asihuzunike. Amepata somo la maisha ya kiumbe anayeishi kwa kumla mwingine polepole, nalo halikuwamo katika mpango wa mwalimu.

Kifuko kikatwe pamoja na kijiti chake, wala kisibanduliwe. Kifungwe ndani ya chupa ya mdomo mpana au ndoo ndogo ya plastiki, kikae kama kilivyokuwa kwenye mti, juu kikiwa juu na chini kikiwa chini, na chini yake pabaki nafasi tupu isiyopungua sentimita 10. Mdomo wa chombo ufunikwe kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kwa uzi.

Hapa pana hatari ambayo vitabu vilivyoandikwa Ulaya havitaji. Kitambaa kinachopatikana kwa urahisi katika nyumba zetu ni kipande cha chandarua kikuukuu. Vyandarua vingi vinavyogawiwa siku hizi vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo hudumu katika nyuzi kwa miaka kadhaa hata baada ya kufuliwa. Tunutu hutembea kwa miguu sita juu ya kifuniko, kichwa chini, mchana na usiku. Kwa hiyo atakufa kabla ya mbu. Tumieni kipande cha kanga iliyochakaa au kitambaa cha kuchujia tui kilichooshwa vizuri. Kadhalika chombo kisiwekwe katika chumba kinachofukizwa dawa ya mbu jioni.

Katika joto la pwani, mayai ya Sphodromantis huweza kuanguliwa baada ya wiki nne hadi sita tangu yalipotagwa. Kwa kuwa aliyekiokota kifuko hajui kilitagwa lini, hana budi kukitazama kila asubuhi. Mara nyingi ndio wakati wa tukio lenyewe. Kwanza hutokeza katika mstari wa katikati ya kifuko vitu vya rangi ya manjano vinavyofanana na funza, havina miguu inayoonekana. Hao ni tunutu waliofungwa katika utando, miguu imebanwa mwilini ili waweze kupenya katika njia nyembamba. Kila mmoja huning'inia kwa uzi mwembamba, na huko hewani huupasua utando na kujivua ngozi kwa mara ya kwanza. Katika muda mfupi kile kilichofanana na funza kimekuwa vunjajungu kamili mwenye urefu wa kama milimita 8, mwenye macho na miguu ya kushikia, asiyepungukiwa na kitu ila mabawa na viungo vya uzazi. Kifuko kimoja cha spishi kubwa chaweza kutoa tunutu 100 hadi 200 au zaidi katika asubuhi moja.

Wanafunzi waliozoea kipepeo watauliza kiwavi yuko wapi na bundo yuko wapi. Hawapo. Ukuaji huu huitwa metamofosisi isiyo kamili, nao ndio ukuaji wa mende na mchwa pia, ambao ni jamaa wa karibu wa vunjajungu. Watazame vilevile rangi. Katika spishi kadhaa tunutu wa siku za kwanza ni weusi, hukimbia kama sisimizi na kufanana nao, maana ndege wengi hawapendi kula sisimizi. Hivyo ndivyo walivyo watoto wa Idolomantis diabolica, vunjajungu mkubwa mwenye madoido anayepatikana Tanzania na nchi jirani, na ambaye wafugaji wa wadudu huko Ulaya humtafuta kwa bei kubwa. Mtoto mweusi asiye na umbo la kutisha hukua akawa kama ua lenye miiba. Mtu asiyejua angewatupa kwa kudhani ni sisimizi walioingia chomboni.

Siku ya kwanza tunutu hawana haja ya kula. Wana haja ya maji, na inafaa tulieleze jambo hili kwa hesabu, maana ndilo kiini cha kazi yote. Chukua mchemraba wenye upande wa sentimita 10. Eneo la nyuso zake sita ni sentimita za mraba 600, na mjao wake ni sentimita za ujazo 1,000. Kila sentimita moja ya ujazo ina sehemu ya uso ya sentimita za mraba 0.6 tu. Sasa chukua mchemraba wa upande wa sentimita 1. Eneo lake ni 6, mjao wake ni 1. Kila sentimita ya ujazo ina uso mara kumi zaidi ya ile ya kwanza. Maji yamo katika mjao, lakini hupotea kupitia usoni. Kwa hiyo kiumbe kadiri anavyokuwa mdogo ndivyo anavyokauka upesi, na tunutu wa milimita 8 aliyefungiwa katika kopo kavu, mahali penye upepo wa kusi, ni kama kipande chembamba cha muhogo kilichoanikwa juani. Vunjajungu mzima huweza kuvumilia siku kadhaa bila kunywa. Mtoto wake hawezi.

Mlezi akisikia hayo, hukimbilia kumwaga maji ndani ya chombo, na hapo huwaua kwa njia nyingine. Uso wa maji una tabia ya kujivuta kama ngozi nyembamba. Sisi hatuihisi, kwa sababu uzito wetu ni mkubwa mno. Lakini kwa mdudu mwenye uzito wa miligramu chache nguvu hiyo ni kubwa kuliko nguvu za misuli yake: akigusa tone lililomzidi ukubwa hunaswa, na akinaswa kichwa chini hafufuki. Jawabu ni maji katika matone madogo kuliko kichwa chake. Si lazima kununua kifaa. Chovya mswaki mkuukuu katika maji safi, ukung'ute, kisha upitishe kidole juu ya nywele zake ukiuelekeza ubavuni mwa chombo. Utapata manyunyu membamba kama umande. Fanya hivyo asubuhi na jioni, upande mmoja tu wa chombo, ili upande wa pili ubaki mkavu. Utawaona tunutu wakiyafuata matone na kuyanywa. Chini ya chombo weka pamba au karatasi yenye unyevu, isiyorowa. Kukiota ukungu, unyevu umezidi na hewa haipiti. Badilisha karatasi, na nyunyiza mara moja kwa siku.

Tunutu 150 hawawezi kulelewa na darasa moja, wala haifai. Chagueni 20 au 30, na waliosalia warudishwe siku ile ile katika vichaka vya mahali kilipookotwa kifuko, wakitawanywa mmoja huku na mwingine kule. Wasipelekwe mbali, kwa maana hatuna sababu ya kuhamisha spishi ya Lindi hadi Iringa ili kuona itakuwaje. Waliochaguliwa waweza kukaa pamoja kwa siku chache iwapo wana chakula na vijiti vingi vya kupanda, lakini baada ya kujivua ngozi mara moja au mbili kila mmoja awe na chumba chake. Vunjajungu hamtambui ndugu yake. Chochote kinachotikisika mbele yake na kisichomzidi ukubwa ni chakula.

Chumba kizuri ni chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa shingo na kufunikwa kitambaa. Ubavuni toboa tundu la ukubwa wa kidole, ulizibe kwa pamba. Hilo ndilo mlango wa kuingizia nzi. Ndani simamisha kijiti kikavu chenye magamba. Vyumba vyote vipangwe juu ya meza, na kila mguu wa meza usimame katika kopo lenye maji na tone la sabuni au mafuta, kwa sababu sisimizi wa Mtanda, kama wa kwingine kote, wakigundua meza hiyo usiku hawataacha tunutu hata mmoja. Mwalimu asilidharau kopo hili. Nimeona kazi ya wiki sita ikimalizwa kati ya magharibi na alfajiri.

Chakula cha kwanza ni nzi wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka ndizi zilizoiva mno. Weka ndizi iliyomenywa ndani ya chupa, iache wazi jikoni siku moja au mbili hadi nzi waingie, kisha ifunike kwa kitambaa. Katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi kizazi kipya hutoka baada ya siku kumi hivi, na joto likizidi kidogo hutoka mapema zaidi. Tayarisha chupa ya kwanza siku ile unapookota kifuko, na chupa nyingine kila wiki, ili nzi wasikatike. Hawa ndio Drosophila, wadudu waliompa Thomas Hunt Morgan wa Marekani ushahidi wake juu ya urithi kuanzia mwaka 1910, na ambao wanafunzi wetu huwasoma katika jenetikia kana kwamba ni wanyama wa ng'ambo. Asili yao ni Afrika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 uliwakuta wakiishi porini katika milima ya Matobo, nchini Zimbabwe, wakifuata matunda ya mng'ongo yaliyoanguka, na watafiti wanaona kwamba huenda tunda hilo ndilo lililowazoesha kukaa karibu na binadamu tangu zama za mapango.

Nzi watatu au wanne kwa siku hutosha tunutu mmoja. Tumbo likiwa nene ameshiba. Likiwa bapa kama jani ana njaa. Vidukari kutoka kwenye majani ya kunde hufaa pia, endapo shamba halikupuliziwa dawa. Akikua apewe nzi wakubwa, panzi wadogo na nondo, daima windo lisilozidi nusu ya urefu wake. Sisimizi asipewe kamwe, maana huuma. Mabaki yaondolewe.

Sasa tufike kwenye kujivua ngozi, mahali ambapo tunutu walionyweshwa na kulishwa vizuri hufia. Mdudu hana mifupa ndani. Gamba lake la nje ndilo mifupa yake, nalo halinyooki. Ili akue hana budi kulipasua, atoke, na kupanuka kabla ya gamba jipya lililo chini yake kukauka. Vunjajungu hufanya hivyo mara saba hadi tisa kabla ya kuwa mzima. Siku moja au mbili kabla ya tukio hukataa chakula, hutulia, na kuning'inia kwa kucha za miguu ya nyuma, kichwa chini. Kisha ngozi hupasuka mgongoni, naye huteremka taratibu kutoka ndani yake kama mkono unaovuliwa soksi, akivutwa na uzito wake mwenyewe. Miguu, iliyo myembamba kama uzi, huchomolewa yote bila kukatika. Akiisha kutoka huning'inia tena, laini na mweupe kiasi, hadi akakauka.

Mambo yanayotakiwa hapo ni machache, lakini hayana badala. Kwanza, awe na mahali pa kushika. Ukuta wa plastiki huteleza, ndiyo maana kifuniko kiwe cha kitambaa na kijiti kiwe na magamba. Pili, chini yake pawe na nafasi: kimo cha chumba kisipungue mara tatu ya urefu wa mdudu, kwa kuwa anapotoka mwili wake huteremka karibu urefu wake wote. Chumba kilichofaa mwezi uliopita hakifai mwezi huu. Tatu, kuwe na unyevu, kwa sababu ngozi ya zamani ikikauka mapema hung'ang'ania miguuni. Tena asiguswe, na nzi aliyebaki chumbani aondolewe, maana vunjajungu aliye katika hali ile hawezi kumfukuza hata nzi. Akianguka kabla ya kukauka, miguu hukaukia palepale ilipopinda, na mara nyingi hafi siku hiyo bali baada ya siku kadhaa, kwa kuwa hawezi tena kukamata windo. Mlezi asiyejua huandika katika daftari kwamba alikufa kwa njaa. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa lile kosa nililolitaja mwanzoni.

Tunutu aliyepoteza mguu wa kutembelea asitupwe. Katika kujivua ngozi kutakakofuata huota mguu mdogo, na baadaye huo hurefuka. Aliyekwisha kuwa mzima haoti tena, kwa sababu havui tena ngozi.

Daftari ndilo chombo muhimu kuliko vyote. Kila tunutu awe na namba, na kila siku iandikwe: amekula au hakula, amejivua ngozi au la, yu hai au amekufa, na kama amekufa, alikutwaje. Amelala chini amesinyaa? Amenaswa katika tone? Amenasa katika ngozi yake? Mwalimu anayetaka jaribio kamili na awagawe tunutu 24 katika makundi matatu ya wanane. Kundi la kwanza linyunyiziwe mara mbili kwa siku, la pili mara moja, la tatu mara moja kwa siku mbili. Chakula, joto na vyumba viwe sawa. Wanane ni wachache mno kutoa hukumu, kwa hiyo madarasa mawili au shule mbili zijumlishe hesabu zao. Mwanafunzi anayelalamika kwamba matokeo ya darasa lake hayafanani na ya jirani ameanza kufikiri kama mwanasayansi.

Wengine watasononeka kuona wengi wakifa hata baada ya uangalizi wote. Waambiwe wapige hesabu. Tuseme jike mmoja ametaga vifuko vitatu, kila kimoja chenye mayai 150, jumla 450. Ikiwa vunjajungu wa Mtanda hawaongezeki wala hawapungui mwaka hadi mwaka, basi katika hao 450 ni wawili tu watakaofika kuzaa, wakachukua nafasi ya baba na mama. Waliobaki 448 wameliwa na nyigu, sisimizi, buibui, mijusi, ndege na ndugu zao, au wamekauka. Darasa linalofikisha watano kati ya 24 limewashinda walezi wa porini mara nyingi sana.

Wakati wa kulea, mengi yaonekana bila darubini. Jicho la vunjajungu lina nukta nyeusi ambayo hukufuata kila uendako, kana kwamba mdudu anakukodolea. Nukta hiyo si mboni. Jicho lake ni mkusanyiko wa vijicho vingi, na vile vinavyoelekea kwako moja kwa moja huumeza mwanga badala ya kuurudisha, ndiyo maana huonekana vyeusi; ukihama, vijicho vingine huwa ndivyo vinavyokuelekea. Mtazame pia usiku kwa tochi uone jinsi jicho zima lilivyogeuka rangi. Kisha sogeza kijiti chenye ncha nyeusi mbele yake, polepole, karibu na mbali, uone ni umbali gani unaomfanya arushe mikono. Vunjajungu hupima umbali kwa kulinganisha picha za macho mawili, kama tufanyavyo sisi. Samuel Rossel alilithibitisha jambo hilo mwaka 1983. Mwaka 2016 Jenny Read na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Newcastle nchini Uingereza, waliwavika vunjajungu miwani midogo ya rangi mbili, wakaigandisha kwa nta ya nyuki, na kuwaonyesha picha za sinema zilizoonekana kuwa karibu; wadudu wale wakairukia hewa tupu. Vunjajungu waliotumika walikuwa Sphodromantis lineola, spishi ya Afrika, waliowekwa katika vyumba vilivyopashwa joto kwa umeme. Joto hilo Lindi hutolewa bure.

Mkulima wa korosho atauliza kama inafaa kuwafuga ili walinde mikorosho. Nisingemshauri. Vunjajungu hula mbu wa mikorosho akimpata, lakini humla pia nyuki anayechavusha maua, na kadiri windo linavyoongezeka yeye haongezeki upesi. Kwa kazi hiyo maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, wana ushahidi mwingi zaidi. Matumizi yao katika minazi ya Zanzibar na katika mikorosho ya kusini yamechunguzwa kwa miaka mingi, na kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimeshiriki katika kazi hiyo. Tena maji moto huwala tunutu. Asitarajie kuwa na wote wawili katika mti mmoja.

Wakiisha kuota mabawa, madume hutambulikana kwa wembamba wao na papasi ndefu. Alama iliyo ya hakika zaidi ni pingili za tumbo zinazoonekana upande wa chini: nane kwa dume, sita kwa jike. Usiku madume ndio hasa wanaoruka na kuja kwenye taa, wakiwa na sikio moja tu, lililo katika ufa wa kifua kati ya miguu ya nyuma, ambalo husikia sauti za juu za popo tusizozisikia sisi. David Yager na Ronald Hoy walilieleza sikio hilo mwaka 1986. Atakayetaka kifuko kipya asubiri wiki mbili au tatu tangu jike alipojivua ngozi ya mwisho, amlishe mpaka akatae, ndipo amwingize dume kwa nyuma yake katika chumba kikubwa chenye matawi, tena mchana, apate kuona. Jike asiyepandwa naye hutaga, ila kifuko chake kwa kawaida hakitoi kitu. Kwa hiyo kila kijiti kifungwe karatasi yenye namba ya mama, tarehe ya kupandwa na tarehe ya kutaga. Safari hii darasa halitakuwa na haja ya kukisia siku ya kuanguliwa.